Mgongo unauma, MRI haioni kitu, daktari kasema "ni mawazo tu". Kuna aliyepitia hii?

BintiMakorora
Assalam aleykum wapendwa, naomba ushauri wenu hasa mlioko Tanga. Mi ni fundi cherehani, naumwa mgongo huku chini kiunoni tangu tulipomaliza msiba wa baba, na haujaacha mpaka leo. Nimepiga eksirei, haijaonyesha kitu, ndugu wakanichangia nikaenda Dar kupiga MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, majibu yakaandikwa diski zimechakaa kidogo mengine sawa. Sindano nimechomwa sana tu, diklofenaki nimemeza mpaka tumbo likaanza kuwaka moto. Mwisho daktari mmoja hata mgongo hakuushika, akafunga faili akasema mama huna ugonjwa, ni mawazo tu, punguza mawazo. Nilitoka pale nalia, kwani mi nimejitungia?

Ila kuna kitu kinanichanganya. Juzijuzi tulikuwa na harusi Pangani, nikapewa kazi ya nazi, nimekaa juu ya mbuzi toka alfajiri nimeinama nakuna nazi za wali wa watu wote wale, chicha imejaa masinia, na wallahi kiuno sikukisikia. Nimerudi Tanga, kaka kapiga simu tu kuitisha kikao cha mirathi ya nyumba ya baba, kiuno kikakaza kama nimefungwa kamba, usiku sijalala. Sasa hii ni nini jamani?

MzeewaChumbageni
Pole sana mwanangu. Msiba, mirathi na nyumba vikikutana, kijicho hakikosi. Tafuta shehe mcha Mungu akusomee, unywe na kombe, na hospitali usiache.

FizioTanga
Dada pole sana. Mi kazi yangu fiziotherapia, tiba ya viungo na mazoezi, niko hapahapa mkoani. Nianze na hilo la "ni mawazo tu" maana linaumiza watu kuliko hata mgongo wenyewe. Maumivu yako ni ya kweli, hujayatunga. Maumivu yote, hata ya kukatwa na kisu, ni ubongo ndo unayatengeneza, unapokea taarifa toka mwilini, unapima kuna hatari kiasi gani, ndo unaamua uumie kiasi gani, na kwenye kupima huko unachanganya kila kitu, hofu, huzuni, kukosa usingizi, ugomvi wa ndugu. Na si habari ya jana, watafiti Melzack na Wall waliandika tangu 1965 kwamba taarifa ya maumivu inaweza kuzuiwa au kuachiwa ipite kwenye uti wa mgongo kabla haijafika kichwani. Maumivu yakipita miezi 3 tunayaita sugu, na hapo mara nyingi hakuna tena kidonda, mishipa ya fahamu ndo imebaki mikali. Kwa hiyo Pangani na kikao cha mirathi kiuno ni kilekile, kilichobadilika ni hatari ambayo ubongo unaiona.

Na hizo diski, zile pedi laini katikati ya pingili za mgongo, zisikutishe. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha vipimo vya watu zaidi ya 3,000 ambao mgongo HAUWAUMI kabisa, wa miaka 20 asilimia 37 diski zao zimechakaa, wa miaka 50 asilimia 80. Hayo mtu anatakiwa aelezwe siku anapewa majibu, si anaachiwa karatasi aende nayo nyumbani akaogope kuinama.

Madaktari wengi wamefundishwa kutafuta kilichovunjika, wasipokiona na foleni imejaa korido nzima hawana la kukwambia. Marekani alikuwepo daktari John Sarno wa New York, miaka mingi akisema maumivu mengi ya mgongo yanatokana na hasira na mambo mtu aliyoyafungia moyoni. Wenzake wengi walimkataa, na kuna sehemu walikuwa na haki, maana maelezo yake kwamba misuli inakosa oksijeni hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Lakini 2021 kule Colorado watu 151 wenye mgongo sugu waligawanywa makundi, kundi moja likafundishwa kwa wiki 4 kuyaona maumivu kama kitu kisicho na hatari, asilimia 66 wakapona au karibu kupona, waliopewa dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani ni asilimia 20, na walioendelea na tiba zao za kawaida ni asilimia 10. Ni utafiti mmoja na wengi hawakuwa na maumivu makali mno, ila huwezi kuupuuza.

Kijana wa Pongwe
Mkuu naomba nipinge. Shemeji yangu aliambiwa hivihivi, wasiwasi, wasiwasi, kumbe TB ya mgongo, wamekuja kugundua miguu imeshalegea. Haya maneno ya ubongo yakizoeleka, watu watarudishwa nyumbani na magonjwa yao.

FizioTanga
Kaka uko sahihi na usiache kulisema. Ukiona mtu anakonda bila sababu, homa za jioni na jasho la usiku, mguu unaisha nguvu, ganzi sehemu za siri, mkojo au choo hakizuiliki, au aliwahi kuugua kansa, hapo ni kupima haraka. Huyu dada kapimwa mpaka MRI ndo maana nimeongea vile. Na pia mtu anaweza kuwa na diski inabana mshipa kweli na hofu ikaongeza maumivu juu yake, vyote vinatibiwa. Kosa ni daktari kusema mawazo halafu anaishia hapo, hakuna mazoezi, hakuna mwanasaikolojia, hakuna tarehe ya kurudi.

MamaSahare
Shoga, mi nakwambia kuhusu nyumba. Msikae vikao vya kupigiana kelele, nendeni mahakama ya mwanzo mkateuliwe msimamizi wa mirathi, kila mtu ajue fungu lake. Sie yalivyoisha hivyo hata mama presha yake ilitulia. Na baba umemlilia lini wewe? Maana najua ndo ulikuwa unapika msiba mzima.

BintiMakorora
Mama Sahare umenigusa, kweli sijakaa nikamlilia. Fizio, sasa diklofenaki niache? Na cherehani je? Naogopa kuharibu zaidi.

FizioTanga
Diklofenaki kwa tumbo hilo acha, na ukaangaliwe vidonda vya tumbo, choo kikiwa cheusi usisubiri, kimbia hospitali. Cherehani shona, ila usikae mpaka ugande, inuka kila baada ya muda ujinyooshe. Jioni tembea mpaka Raskazone na rafiki, polepole, hata kikiuma kidogo hakivunjiki kitu. Siku ya kikao kiuno kikikaza jiambie hii ni hofu si diski, pumua, endelea na shughuli. Kuna dawa kama amitriptilini dozi ndogo usiku inawasaidia baadhi, hiyo daktari ndo aandike. Nakutumia ujumbe pembeni uje na faili lako lote, nataka kwanza niushike huo mgongo.