Raba za milango kwenye gari la zamani: gundi gani imekukubali? Tupeane uzoefu

kobe1300
Wakuu habari za jioni. Nina Beetle ya 1972, rangi nimepiga mwaka jana na raba za milango nikaagiza mpya zote, hela imenitoka kwelikweli. Fundi wa bodi akazibandika kwa supaglu, zile tyubu ndogo za dukani, zikashika palepale mpaka nikamwongezea hela ya soda. Wiki tatu tu raba ikaanza kuachia kona ya juu, ukiigusa gundi inameguka kama chumvi, na juzi mvua imepiga kapeti la upande wa abiria limeloa chapachapa. Hebu wenye magari ya zamani tupeane uzoefu, wewe ulitumia gundi gani na ulibandikaje? Msinambie niuze, mke wangu ameshanambia hiyo.

babu_kabureta
Pole mkuu. Supaglu ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na raba ya mlango kazi yake ni kuminywa na kuachiwa kutwa nzima, lazima ikatike tu. Mimi nilienda kwa fundi viatu hapa mtaani nikamiminiwa gundi kwenye kopo, nikapaka upande wa bati peke yake nikabandika ikiwa mbichi, raba ikawa inateleza kama kambale, nashika huku inatoka kule, nimehangaika nayo mpaka adhana ya magharibi. Kesho yake yule fundi viatu kanicheka sana, ananiuliza we ushawahi kuniona napaka soli tu kiatu nikakiacha? Unapaka pande zote mbili, nyembamba, halafu unakaa unapiga stori mpaka ukigusa kwa kidole inanata ila haikufuati. Kama dakika 10, kukiwa na joto hata 5. Ila ukishagusisha imekamata hiyo, kusogeza hakuna, ndo maana niliirudia kipande kipande, shibiri mbili mbili. Ilikaa miaka minne. Kilichokuja kuniangusha ni jua, gari yangu inalala nje na gundi ile ikipata moto inalainika, mlango wa upande wa jua raba ikashuka. Raundi ya pili nikachukua 3M nyeusi ya tyubu, ile maalumu ya raba za magari, bei imechangamka lakini joto inavumilia, na ikitokeza pembeni haionekani kama ile ya njano.

mama_pijo
Mimi niko Mombasa na Pijo 504, na nawaambia ogopeni silikoni. Fundi alinijazia silikoni kwenye raba ya buti, ile inayonuka siki, maji yakakata kweli nikafurahi. Mwaka mmoja baadaye nafungua, chini yake bati limekula kutu, kumbe ule usiki wenyewe ni asidi na pale palikuwa pamekwaruzika, chuma kiko wazi. Halafu silikoni ikishapita mahali hakuna gundi nyingine inayoshika juu yake, tulikwangua siku mbili nzima, tukapiga msasa, tukapaka praima upya. Kingine cha huku pwani, msibandike siku ya mvua au asubuhi ya ukungu. Gundi ikiwa inakauka inapoa, inavuta unyevu juu kama chupa ya soda baridi, unaona imeshika kumbe umebandika maji.

landi_109
Mnaongelea gundi tu, usafi je? Raba mpya inakuja na unga au mafuta ya kiwandani, mimi yangu ilibanduka mzima mzima na gundi yote ikabaki kwenye bati. Sasa hivi naosha kwa maji ya sabuni, ikikauka nafuta kwa spiriti, halafu msasa laini ule upande wa kubandika tu. Kabla ya gundi naijaribisha kavu, nafunga mlango, nachomeka noti ya elfu kuzunguka pote, ikivutika bila kukaza basi hapo maji yatapita. Na kwenye kona usiivute hata kidogo, isukume kwa ndani, ukiivuta itarudi na kukuachia mwanya. Maungio yawe chini ya mlango.

Halafu sio kila raba inataka gundi jamani. Ya boneti ya Beetle inaingia kwenye mfereji wake, sabuni ya maji inatosha. Ya kioo cha mbele inavutwa kwa kamba iliyopitishwa kwenye mdomo wa raba, huku mwenzako anasukuma kioo kwa nje. Nimeona mtu kaibandika, siku kioo kimepasuka ilibidi raba mpya ikatwe kwa kisu.

kobe1300
Asanteni sana wakuu. Na mlango kufunga kwa kubamiza baada ya raba mpya ni kawaida?

babu_kabureta
Kawaida kabisa, Beetle imeziba hewa ile. Fungua kile kioo kidogo cha pembeni ndo ufunge, raba ikishalala utasahau.

kobe1300
Sawa mzee wangu. Sasa hii supaglu iliyoganda kwenye bati inatokaje?

mama_pijo
Asetoni inailainisha, ile ya kutolea rangi ya kucha, ila kaka usithubutu, na rangi ya gari inakula. Kwangua taratibu kwa kadi ya benki iliyokufa.

kobe1300
Dada umechelewa dakika kumi. Kuna mtu anajua anayechanganya rangi ya Beetle ya 1972?