Uzamili wa uigaji na VR huku unapiga zamu: nani kapitia?

Kutoka: Mama Neema, Minneapolis

Wapendwa, habari za Jumapili. Naomba mawazo, hasa kwa mliosoma huku mkiwa kazini.

Mimi ni nesi wa ICU, zamu ya usiku. Hospitali yetu ina chumba cha mazoezi chenye manikini zinazopumua, kutoka jasho na hata kulalamika, na siku hizi naombwa sana kuwafundisha manesi wapya humo. Nimeipenda kazi hiyo kuliko nilivyotegemea. Mkuu wa kitengo anasema nikasome uzamili wa uigaji, yaani simulation, mwajiri atachangia. Nimeingia mtandaoni nikakuta programu za kila namna: modeli na uigaji, uhalisia pepe (VR), elimu ya uigaji wa afya. Zote zinadai zimetengenezwa kwa ajili ya watu walio kazini. Hesabu mimi niliagana nazo kidato cha sita. Halafu kuna mdogo wangu yuko Arusha, anaandika programu za simu, naye kaona mojawapo ya kozi hizo na anaamini itamleta huku. Nisaidieni kabla sijalipa ada ya maombi, maana hairudishwi.

*

Kutoka: Fundi wa Orlando

Dada Mama Neema, pole na zamu. Nitaandika kirefu, mwenye haraka aruke.

Hizo programu hazifanani, ingawa matangazo yote yana picha ya mtu kavaa miwani. Ile ya modeli na uigaji ni hesabu na takwimu, na ndiyo niliyosoma hapa UCF, Chuo Kikuu cha Central Florida. Watu hushangaa kwa nini Orlando, mji wa Disney. Ni kwamba jeshi la majini la Marekani lina kituo chake cha mifumo ya mafunzo hapa, jeshi la nchi kavu nalo lina ofisi ya kununua vifaa vya mazoezi, vyote viko kwenye eneo la utafiti lililopakana na chuo, na taasisi ya uigaji ya chuo ipo tangu 1982. Kampuni zikafuata pesa. Kila mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba kuna maonyesho ya vifaa vya uigaji na mafunzo, I/ITSEC, na ukumbi wa mikutano unajaa ndege zisizoruka na vifaru visivyokwenda popote. Nenda hata siku moja kabla hujajiandikisha kokote, utajifunza mengi kuliko kusoma vipeperushi.

Ngoja nikuonyeshe tunachofanya darasani. Chukua dirisha moja la kupokea wagonjwa, nesi mmoja, wagonjwa wanafika bila mpangilio, na muda wa kumhudumia kila mmoja nao hautabiriki. Nesi akiwa na kazi asilimia 80 ya muda wake, kwa wastani pale dirishani kuna wagonjwa 4, ukimjumlisha anayehudumiwa. Mfikishe asilimia 90, wanakuwa 9. Asilimia 95, wanakuwa 19. Yaani meneja kaongeza kazi kidogo tu, anajisifu kwamba hakuna nesi anayekaa bure, kumbe korido imejaa. Wewe wa hospitali unalijua hilo kwa miguu yako. Sisi tunalijua kwa fomula. Sasa weka vitanda, madaktari wawili, maabara inayochelewa na ambulensi inayoruka foleni. Fomula inashindwa. Hapo unajenga modeli kwenye kompyuta na kuiendesha mara elfu kadhaa uone siku mbaya zinakuwaje, halafu unahangaika kuthibitisha kwamba hospitali yako ya kwenye skrini inafanana na ile yenye wagonjwa. Huko kuthibitisha ndiko kunakomaliza nguvu za wanafunzi. Kwa hiyo takwimu ni lazima, na kuandika programu kidogo pia, Python au chombo cha kujengea modeli kama AnyLogic.

Ile ya uhalisia pepe ni mambo ya usanifu na uundaji: vyombo vya kuundia michezo ya kompyuta kama Unity na lugha ya C#, au Unreal na C++, sauti, picha za pande tatu, jinsi mkono wa mtu unavyoshika kitu ambacho hakipo. Huko mwajiri anauliza kazi zako ziko wapi azione. Cheti kinafuata baadaye. Nionavyo mimi, wewe hapo hupahitaji.

Halafu kuna jambo ambalo tangazo halilisemi. Sehemu kubwa ya kazi za uigaji hapa Orlando ni za jeshi, na kibali cha usalama wanapewa raia wa Marekani. Grini kadi haitoshi. Kuna kijana wetu hapa, uzamili anao na alama zake ni za juu, anaendesha teksi za app huku anasubiri uraia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza chuo gani, uliza unataka kuiga nini, na karatasi zako zinakuruhusu kuingia kwenye mlango upi. Afya haina kikwazo hicho. Usafirishaji na viwanda pia, kwa kiasi kikubwa.

Mdogo wako mwambie taratibu: programu ya mtandaoni tupu haimpi visa ya mwanafunzi, F-1. Mwenye F-1 lazima asome muda wote, na kati ya masomo hayo ni somo moja tu la mtandaoni, au krediti 3, linalohesabiwa kwa muhula. Programu nyingi za watu walio kazini ni za mtandaoni au za jioni, somo moja moja. Zimetengenezwa kwa ajili yako wewe uliye huku tayari. Yeye atafute ya kukaa darasani, na amuulize mwalimu mwenye maabara kama kuna nafasi ya msaidizi wa utafiti, kwa sababu hiyo ndiyo hupunguza ada.

*

Kutoka: Dereva, Columbus Ohio

Mimi sina uzamili ila nina swali. Kampuni ilituweka kwenye simuleta ya lori, skrini tatu, usukani, gia, kila kitu. Barafu ya Wyoming nikiwa nimekaa kwenye kiti Ohio! Kona ya pili nikaomba ndoo. Lori lenyewe naendesha miaka yote sijawahi kutapika. Hii ni nini?

*

Kutoka: Fundi wa Orlando

Kaka, macho yanaambia ubongo tunakwenda, sikio la ndani linasema tumekaa. Ubongo haupendi habari mbili. Madereva na marubani wazoefu mara nyingi huumia kuliko wageni, kwa sababu mwili wao unajua hasa ni mtikisiko gani ulipaswa kuja na haukuja. Kuna dodoso la dalili 16 lililochapishwa 1993 na Kennedy na wenzake, watafiti wa mafunzo ya marubani wa jeshi la majini, na mpaka leo wanafunzi wetu wanalitumia kupima miwani mipya. Vipindi viwe vifupi, feni ikupulizie usoni, na usiendeshe gari mara tu baada ya kushuka.

*

Kutoka: Bi Mkubwa, Boston

Watoto wangu hamjambo. Mama Neema, mimi nimefundisha wauguzi mpaka nimestaafu, kwa hiyo nisikilize na mimi.

Anachosema Fundi ni kweli lakini kwako wewe kazi haipo kwenye kompyuta, ipo kwenye kikao cha baada ya zoezi. Mashine hizo za kutoka jasho ni wajukuu wa yule mwanasesere wa kufundishia kupuliza pumzi ambaye Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea kule Stavanger, Norway, alimtoa mwaka 1960. Zimekuwa ghali, zimekuwa za ajabu, na bado mashine peke yake haifundishi mtu. Nikueleze inavyokuwa. Manesi wapya wanne wanaingia. Wewe uko nyuma ya kioo na maikrofoni, ndiye sauti ya mgonjwa. Unasema, nesi nasikia kizunguzungu. Mmoja anakimbilia kupima presha, wa pili anamtazama wa kwanza, wa tatu anasoma faili, wa nne ameganda. Presha inashuka, wewe ndiye unayeishusha. Dakika kumi zimekwisha. Sasa mnakaa kwenye viti kwa nusu saa au zaidi, na yule aliyeganda ndiye unayetaka azungumze, bila kumwaibisha. Ukimuuliza "kwa nini hukufanya kitu?" umempoteza. Ukimwambia "nilikuona umesimama karibu na kichwa cha kitanda, ulikuwa unawaza nini pale?" anafunguka, na mara nyingi utakuta alikuwa ameshaona tatizo ila aliogopa kumkatiza mwenzake. Ustadi huo unasomewa, na INACSL, chama cha wauguzi wanaofundisha kwa uigaji, wana viwango vilivyoandikwa kuuhusu.

Mwaka 2014 NCSBN, baraza la bodi za uuguzi za Marekani, walitoa utafiti mkubwa: kundi la wanafunzi lilifanya hadi nusu ya saa zake za wodini kwa uigaji, na mwishoni halikuonyesha tofauti na wenzao kwa maarifa wala kwa kufaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi. Vyuo vilifurahi sana, maana nafasi za wodini ni kugombania. Lakini wengi hawakusoma lile sharti: waelekezaji walikuwa wamefundwa kazi hiyo. Hao waelekezaji ndio wanaotafutwa.

Ushauri wangu ni uzamili wa ualimu wa uuguzi wenye cheti cha uigaji ndani yake, halafu baadaye ukafanye mtihani wa CHSE, cheti cha mwalimu wa uigaji wa afya. Ukichukua ile ya Orlando utakuwa mtaalamu wa foleni.

Fedha sasa. Mwajiri anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila ya pesa hiyo kukatwa kodi ya shirikisho. Zaidi ya hapo inahesabiwa kama mshahara. Ukisoma somo moja moja, gawanya uzamili wa krediti 30 au 36 katika miaka ya kodi, usirundike masomo matatu mwaka mmoja halafu mwaka unaofuata ukakaa bure. Na soma mkataba! Hospitali moja niliyowahi kufanya kazi ilikuwa inadai pesa yote irudi ukiondoka ndani ya miaka miwili, hata kama umeondoka kwa kuugua. Ukitegemea mkopo wa serikali, jua kwamba lazima uwe umesajiliwa angalau nusu ya masomo ya muda wote, kwa hiyo somo moja huenda lisikufikishe. Na ule mkopo wa serikali wa wanaosoma baada ya digrii ya kwanza, Grad PLUS, unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026.

*

Kutoka: Ndugu wa Coventry

Shikamoo Bi Mkubwa. Kwa walio Uingereza naongezea haraka, msije mkachanganya na ya Marekani.

Mwenye visa ya kazi ya Skilled Worker anaruhusiwa kusoma, mradi kazi iliyomleta inaendelea. Tatizo ni ada: bila makazi ya kudumu utatozwa kama mgeni, na tofauti yake inauma. Ukishapata ILR, yaani hayo makazi ya kudumu, na umeishi hapa miaka 3, kuna mkopo wa uzamili wa serikali, kwa waliopo England ni hadi pauni 12,858 kwa kozi zilizoanza kati ya Agosti 2025 na Julai 2026. Lazima uwe chini ya miaka 60. Unarudisha asilimia 6 ya kipato kinachozidi pauni 21,000, juu ya makato ya mkopo wa digrii ya kwanza kama unao. Riba inaanza kuhesabiwa hata kabla hujamaliza. Kwa sisi tunaokwepa riba, ule mpango mbadala usio na riba ambao sheria ya elimu ya juu ya 2017 iliufungulia mlango tumeusubiri mpaka tumechoka. Mimi nililipa kwa mafungu, chuo kilikubali nilipoomba kwa maandishi.

Na ile njia ya uanagenzi wa ngazi ya 7, ambapo mfuko wa waajiri ulikuwa unalipia masomo ya ngazi ya uzamili, tangu Januari 2026 imebaki hasa kwa vijana wa hadi miaka 21. Mwajiri akikuahidi hiyo, muulize anazungumzia mwaka gani.

*

Kutoka: Mama Neema, Minneapolis

Asanteni sana, na Bi Mkubwa shikamoo. Umenichekesha na mtaalamu wa foleni, ingawa ile hesabu ya 4, 9 na 19 nimeibandika chumba cha chai na meneja ameisoma akanyamaza.

Nimeamua upande wa ualimu. Nimeandika barua kwa ofisi ya waajiriwa kuuliza mambo mawili: nikiondoka nadaiwa nini, na kama watanipangia zamu zangu zisigongane na siku za darasa. La pili hawajajibu. Mdogo wangu amenuna kidogo, lakini ameanza kutafuta walimu wenye maabara. Kilichobaki ni vyeti. Chuo hapa kinataka digrii yangu ya nyumbani itathminiwe, na chuo changu cha zamani kimeshaanza kunizungusha: leo mtandao haupo, kesho mwenye muhuri yuko semina.

*

Kutoka: Bi Mkubwa, Boston

Marahaba mwanangu. Tuma mtu aende mwenyewe, asubuhi, na barua yako ya idhini iliyosainiwa pamoja na nakala ya kitambulisho chako. Akafike na namba yako ya maombi ya tathmini imeandikwa juu ya bahasha, maana watathmini kama WES wanataka transkripti itoke chuoni moja kwa moja, ikiwa imefungwa na kugongwa muhuri, au itumwe na chuo chenyewe kwa mtandao. Ikipita mkononi mwako wanaikataa. Omba nakala mbili, moja ya bodi ya uuguzi. Na usilipe ada ya maombi kabla transkripti haijaondoka kule.