Kanuni ya sainasi imemgeuza mama kuwa mwanaume, nakosea wapi?

ZamuYaUsiku: Wakubwa shikamooni. Ni mpiga picha wa mionzi, nasoma shahada ya pili. Napima sainasi za shavuni, yaani matundu ya hewa ndani ya mfupa wa uso, kwenye CT za kichwa (picha za eksirei za vipande vipande) nione kama zinatambulisha jinsia na umri: kimo, upana na kina, kulia na kushoto, kwa milimita. Tangu saa mbili usiku niko na kipanya, macho yameiva. Sasa kanuni ya hesabu niliyoitoa kwenye makala ya nje inaniambia mama wa miaka 61 ni mwanaume. Sainasi yake ya kulia imeshuka kweli. Nimepima mara tatu, jibu lilelile.

DaktariMeno: Dada, vipimo vyako havina shida. Hebu tazama magego yake ya juu. Gego likishang'olewa, sakafu ya sainasi hushuka taratibu.

ZamuYaUsiku: Duh! Kulia hana hata moja. Kushoto anayo mawili, na sakafu iko juu. Wiki nzima nakodolea matundu, meno siyaoni!

MzeeWaMafuvu: Hiyo kanuni nayo iweke pembeni. Sainasi za wanaume ni kubwa kwa wastani tu. Wanawake wengi wanawapita wanaume wengi. Na ilipikwa kwa vichwa vya watu wengine. Tengeneza yako kwa wagonjwa wako, wengine wabakize kwa kuijaribu.

Umri usiutegemee sana. Mtoto huzaliwa na sainasi za shavuni, ndogo mno, zinakua mpaka karibu na miaka 20, magego ya mwisho yanapotoka. Kuanzia hapo nani atakutofautishia wa 30 na wa 50? Ukiwa unatambua maiti na nyonga ikiwepo, anza na nyonga. Sainasi tunazikimbilia mwili ukiwa umeungua na kilichobaki ni kipande cha uso.

ZamuYaUsiku: Na ya paji la uso, mzee wangu?

MzeeWaMafuvu: Hiyo mjukuu wangu ni kama alama ya kidole, hata mapacha wa kufanana wanatofautiana. Marekani, Culbert na Law walimtambua marehemu kwa picha za sainasi, wakaandika mwaka 1927. Ila lazima upate picha aliyopigwa akiwa hai.

ZamuYaUsiku: Asanteni. Naongeza safu ya meno kwenye jedwali. Mafaili 140, naanza upya na la kwanza.

DaktariMeno: Ukikuta mzizi wa gego umebaki ndani, usimhesabu kama kibogoyo.