Mazoezi ya kufundisha: tunafunzwa kuandaa masomo ya 8-4-4, mfumo wa zamani, ilhali shuleni kuna CBC, mtaala mpya wa umilisi. Idara za mitaala vyuoni, mnatufanyia nini?

Wadau, nimevumilia nimechoka. Niko mwaka wa tatu, Shahada ya Elimu, Kiswahili na Historia, katika chuo kimoja hapa Nairobi. Sitakitaja kwa sababu maksi zangu bado ziko mikononi mwa watu hao hao ninaowalalamikia. Nimetoka mazoezi ya kufundisha na nina hasira kweli kweli.

Shule niliyopangiwa iko Eastlands, sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) iliyo ndani ya ua wa shule ya msingi kama zilivyo nyingi. Siku ya kuripoti nilimkabidhi mwalimu mlezi azimio langu la kazi, yaani mpango wa vipindi vya muhula mzima. Nilikuwa nimeliandika jinsi tulivyofunzwa: wiki, kipindi, mada, shabaha, shughuli za mwalimu, shughuli za mwanafunzi, vifaa, asilia, maoni. Akasoma ukurasa wa kwanza, akanirudishia. "Hili la wapi, mwalimu? Hapa tuna Gredi ya 8."

Alichotaka ni mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, maswali dadisi (ya kumchochea mtoto afikiri), shughuli za ujifunzaji, nyenzo, tathmini, tafakari. Kwenye andalio la somo alitaka pia aone umilisi wa kimsingi, maadili na masuala mtambuko. Miaka mitatu naketi katika kumbi za mihadhara za Idara ya Mitaala na Ufundishaji, na hakuna hata mhadhiri mmoja aliyewahi kutuonyesha ukurasa wenye vichwa hivyo. Nimesikia "CBC" ikitajwa, ndiyo, kama kitu cha kujadiliwa kwenye habari. Kuandaa somo lake, hapana.

Mwalimu yule alinikalisha chumba cha walimu baada ya vipindi, akafungua muundo wa mtaala wa Kiswahili kwenye simu yake, akanielekeza mstari kwa mstari. Alinionyesha jinsi swali dadisi linavyotungwa ili mtoto afikiri, na jinsi ya kuandika vigezo vya kutathmini kuanzia kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio. Mwenyewe yuko kwa kandarasi ya uanagenzi ya TSC, tume inayoajiri walimu, ile ya posho ya Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mungu ambariki. Alifanya kazi ambayo mimi nimelipia karo chuoni ifanywe.

Basi nikabadilisha faili yote. Halafu msimamizi kutoka chuoni akaja.

Aliingia kipindi kikiwa katikati, akaketi nyuma kwenye dawati la mtoto, akaomba faili. Darasa lilikuwa limechangamka, vikundi vinajadiliana, watoto wanasahihishana. Hakuinua macho. Alikuwa anapekua kurasa na kalamu nyekundu. Kengele ilipolia akaniita nje na kuniuliza shabaha ziko wapi, hatua ya kwanza na ya pili ziko wapi, mbona sikuandika muhtasari ubaoni. Nikamwambia huu ndio muundo wa shule. Akanionyesha fomu yake ya tathmini: utangulizi, ukuzaji wa somo, matumizi ya ubao, hitimisho. "Mimi natia alama kwa fomu hii." Swali dadisi halina mahali pa alama. Kazi ya vikundi niliyoipanga usiku kucha haina mahali pa alama.

Tangu siku hiyo hadi mwisho wa muhula niliandika maandalio mawili kwa kila kipindi: moja la mwalimu mlezi, jingine la msimamizi, endapo angetokea bila taarifa. Nimeuliza wenzangu waliokuwa Kayole na Kawangware, nao walifanya vivyo hivyo. Karatasi za manila tulinunua wenyewe, fotokopi wenyewe, nauli wenyewe, na ada ya mazoezi tulishailipa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii ndiyo idara inayofundisha MITAALA. Ni hao waliotukaririsha mtaalamu wa mitaala Ralph Tyler na maswali yake manne ya 1949 ya kuunda mtaala. Ni hao waliotutahini hatua saba za mtaalamu mwenzake Hilda Taba, za kitabu chake cha 1962, na hatua ya kwanza kabisa ya Taba ni kutambua mahitaji ya mwanafunzi. Sina neno na Tyler wala Taba, nimewasoma na nawaheshimu. Taba alitaka mtaala uanzie kwa mwalimu darasani ndipo upande juu. Sasa nauliza: nani katika idara hii ametambua mahitaji yetu sisi? Nani ameenda darasani kuona?

Na msiniambie jambo hili ni jipya. 8-4-4 ni ya 1985. Mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa nchi nzima Januari 2019, ukaingia sekondari msingi Januari 2023, na Januari 2026 Gredi ya 10 ikaanza. Mtihani wa mwisho wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari chini ya 8-4-4, umepangiwa 2027. Nikihitimu, darasa la 8-4-4 la kufundisha halitakuwepo popote Kenya! Muda wa kubadilisha fomu moja ya tathmini umekuwepo tele.

Nilienda ofisini kuuliza. Nikajibiwa kwamba chuo kinatoa misingi, mengine "mtafunzwa kazini". Misingi gani? Hata lile somo fupi la majaribio mbele ya wenzako, ambalo linapaswa kufanywa na kikundi kidogo ili urekodiwe, ukosolewe, urudie, sisi tulifanyiwa mara moja kwenye ukumbi uliojaa, dakika chache kila mtu, wengine wakasainiwa bila kusimama. Afisi za KICD, taasisi ya kitaifa inayotunga mitaala, ziko Desai Road, hapo Ngara, mtu anatembea kwa miguu kutoka katikati ya jiji. Hatujawahi kupelekwa, wala mtaalamu wao hajaalikwa kutuzungumzia. Miundo ya mtaala iko kwenye tovuti yao, mtu anapakua bure.

Halafu Historia niliyosomea, sekondari msingi iko ndani ya Somo la Jamii pamoja na Jiografia na Uraia. Jiografia niliiacha kidato cha pili. Wiki ya pili nikapewa pia vipindi vya masomo ya kiufundi kwa sababu mwalimu hayupo. Hilo ni la serikali, nitaliandikia uzi wake.

Ninachotaka kutoka kwa idara ni hiki: fomu ya tathmini ibadilishwe kabla ya kundi lijalo kwenda shuleni, na sisi tuliokatwa alama kwa kufuata mtaala wa nchi turudishiwe. Barua kwa mkuu wa kitivo nimeshaiandika, wenzangu wanaendelea kutia sahihi. Wa vyuo vingine, semeni hapa chini: msimamizi wenu alikuja na fomu gani? Kama kuna chuo ambacho tayari kinatumia fomu ya CBC, tafadhali weka picha yake, niiambatishe kwenye barua.