Nafundisha riwaya ya kihistoria yenye mzimu: nifanye shughuli gani darasani?

Mleta uzi

Habari zenu walimu wenzangu. Naomba ushauri, hasa kwa wanaofundisha fasihi kwa watoto wa miaka 12 hadi 14.

Muhula huu tunasoma riwaya ya kihistoria yenye mzimu. Msichana aliyefia katika mgodi wa makaa ya mawe huko Uingereza, miaka ya 1830, anamtokea mtoto wa siku hizi anayeishi karibu na pale mgodi ulipokuwa. Darasa limeipenda mno. Tukiingia sura ambayo mzimu hautokei, wanauliza, "Mwalimu, anarudi lini?" Taharuki imewashika barabara, lakini mgodi wenyewe, umaskini na kazi za watoto vinawapita kando. Nikiuliza kwa nini yule msichana alikuwa chini ya ardhi, darasa zima kimya.

Sitaki kumalizia vipindi kwenye muhtasari wa sura na maswali ya kujaza nafasi. Nataka shughuli zitakazowafanya waione historia kupitia huyo mzimu. Halafu kuna wazazi wachache wasiopenda habari za mizimu darasani. Hao niwaambie nini?

Mchambuzi wa Riwaya

Mwalimu, usiupige vita mzimu, utumie. Wape swali moja la kubeba riwaya nzima: huyu marehemu anataka nini? Kwenye riwaya za aina hii mtu harudi bure. Kuna jambo halikusemwa, au kuna mtu hakuwajibishwa.

Bandika karatasi kubwa ukutani yenye safu mbili, "Anachotaka" na "Nani alimnyima". Kila sura ikiisha waongeze au wafute, na kila wanachoandika wataje ukurasa. Safu ya pili ndiyo itakayowafikisha kwenye historia bila wewe kuwasukuma. Mwanzoni watamwandika msimamizi mkatili. Baadaye watamfikia mwenye mgodi, kisha mzazi aliyeutegemea ule ujira, na mwisho sheria ambayo haikuwapo. Usiwaharakishe kufika hapo.

Mwalimu wa Historia

Naunga mkono, ila ongeza nyaraka za kweli, kwa sababu kipindi hicho kina kumbukumbu nyingi.

Anza na mgodi wa Huskar, kijiji cha Silkstone, Yorkshire. Tarehe 4 Julai 1838 mvua kubwa ya mawe iliingiza maji kwenye mtambo wa mvuke uliokuwa ukiwapandisha watu, ukazimika. Kundi la watoto wakaamua kutoka kwa njia ya mteremko iliyofika hadi nje. Walipita mlango wa kuongozea hewa, kijito kikafurika, maji yakaingia kwa nguvu na kuwabana kwenye mlango ule ule. Walikufa watoto 26, wasichana 11 na wavulana 15, wa kati ya miaka 7 na 17.

Sasa shughuli yenyewe. Kwenye uwanja wa kanisa la Silkstone kuna mnara wa kumbukumbu. Maandishi yake yanalieleza tukio hilo kama pigo la kutisha lililotoka kwa Mwenyezi Mungu. Waeleze wanafunzi hivyo, kisha uliza: ni nani hatajwi hapa? Wangu waliligundua pengo haraka kuliko nilivyotarajia. Mmoja akasema, "Mvua imetajwa, aliyewaajiri hakutajwa." Baada ya hapo kila kundi liandike maandishi mapya ya mnara, yasiyozidi maneno 50, kwa sauti ya mzimu wa kwenye riwaya yenu. Ufupi ni muhimu. Unawalazimisha kuamua ni ukweli upi utakaochongwa kwenye jiwe na upi utakaoachwa, na hapo ndipo mabishano mazuri yanapozuka.

Mkutubi

Nyaraka nyingine ambayo sitaki uikose ni ripoti ya tume ya ajira za watoto ya mwaka 1842. Watoto wenyewe walihojiwa na maneno yao yakaandikwa. Sarah Gooder, miaka 8, alikuwa mtoto wa mlangoni: kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga mlango wa hewa vigari vya makaa vinapopita. Alisema anakaa bila taa na anaogopa, anaingia saa kumi alfajiri, mara nyingine saa tisa na nusu, na kutoka saa kumi na moja jioni au nusu saa baadaye. Akaongeza kwamba mara nyingine huimba akiwa na mwanga, lakini gizani hathubutu kuimba.

Wasomee hayo mara mbili, polepole, bila maelezo yoyote. Kisha wafungue riwaya watafute ukurasa ambapo msichana wao yuko peke yake, walinganishe: mwandishi amechukua nini kwenye maisha halisi, na amebuni nini? Ukitaka kuwafundisha tofauti ya ushahidi na ubunifu, sijaona njia bora zaidi.

Mpenda Maigizo

Mimi ningezima taa, nifunge mapazia, wakae gizani dakika chache wakisikia sauti ya magurudumu. Watalielewa giza kwa mwili.

Mwalimu wa Historia

Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Dakika chache za giza na wenzako pembeni zinakuwa mchezo, wataanza kutishana, na mtoto anayeogopa giza kikweli utamuumiza mbele ya darasa. Igizo zuri kwa riwaya hii ni kiti cha mahojiano, taa zikiwaka. Mwanafunzi mmoja awe mama wa marehemu, mwingine mwenye mgodi, mwingine mbunge, nao wajibu maswali ya darasa kwa kutumia yaliyomo kitabuni na kwenye nyaraka tu.

Wakizoea, leta sheria ya 1842 iliyowakataza wanawake na wasichana wote, pamoja na wavulana wa chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi. Mama anayepoteza ujira wake na wa binti yake ataisemaje sheria hiyo? Na itasimamiwaje iwapo nchi nzima, mwanzoni, ina mkaguzi mmoja tu wa migodi? Utaona walivyokuwa wanadhani hadithi imekwisha sheria ilipopita.

Mpenda Maigizo

Sawa, la mtoto anayeogopa giza nimelikubali. Kiti cha mahojiano kinatosha.

Mama wa Wanafunzi

Nachangia kama mzazi mwenye msimamo wa dini. Kilichonituliza mimi ni mwalimu kutuandikia mapema: kitabu kinahusu nini, mzimu ni mbinu ya kisanaa, na hakuna mtoto atakayeulizwa kama anaamini mizimu au kama amewahi kuuona. Swali hilo usiliulize kabisa. Pia watoto waliofiwa hivi karibuni wapewe kazi mbadala ya maana kama ile ya wenzao, kwa mfano kuchora ramani ya mgodi wa kwenye riwaya kwa kufuata maelezo ya mandhari. Wasitumwe maktaba kukaa tu.

Mleta uzi

Asanteni sana, mmenisaidia kuliko nilivyoomba. Nitaanza na karatasi ya safu mbili, halafu maneno ya Sarah, kisha kiti cha mahojiano, na nitamalizia na maandishi ya mnara. Barua kwa wazazi itatangulia. Swali la mwisho: maandishi ya mnara niyasahihisheje? Maneno 50 ni machache na kila kundi litakuwa na lake.

Mchambuzi wa Riwaya

Kila kundi liambatanishe nusu ukurasa wa maelezo: neno gani walilibishania, walilitoa wapi, kwenye riwaya au kwenye nyaraka, na walichokiacha ni kipi. Alama nyingi zipe nusu ukurasa huo. Maandishi yenyewe yape chache, kwa sauti ya mhusika: je, anasikika kama yule msichana wa kitabuni, au ni wao wanaozungumza? Na wasomeane kwa sauti kabla hujakusanya, wenzao ndio watakaokuwa wa kwanza kugundua sauti inapopotea.