Stika ya mikono ya mwanangu inazunguka WhatsApp, nimnyang'anye simu?

MamaK_Mza

Wakuu habari za mchana. Uzi ni mrefu mnivumilie, naandika nikiwa kibandani na wateja wanakatiza.

Nina kijana wangu yuko kidato cha tatu, ana miaka 16. Mwaka jana mwezi wa 9 daktari wa akili alituambia ana OCD, yani kuna mawazo yanamng'ang'ania kwamba mikono ina uchafu na akigusa kitu atatuletea ugonjwa nyumbani, basi ananawa, anarudia, anahesabu, akikosea hesabu anaanza upya. Mche mzima wa sabuni ulikuwa haufiki siku tatu. Vidole vikapasuka mpaka kushika kalamu ikawa shida. Akaanzishiwa vidonge vya fluoxetine na kliniki kila mwezi, tukaanza kuona nafuu kidogo kidogo.

Sasa mwezi wa pili mwaka huu kuna mwanafunzi aliingiza simu shuleni kwa kificho akamrekodi akinawa pale bombani. Klipu ikaingia kwenye grupu la darasa alaf wajanja wakaikata wakaifanya stika, mikono miwili imejaa povu hadi kwenye sweta na maandishi SUBIRINI SIJAMALIZA. Jina likawa Bwana Povu. Akijitoa kwenye grupu wanamrudisha, akimblok mmoja wanakuja na namba nyingine, saa saba usiku simu inalia tu stika thelathini mfululizo.

Haya yote nilikuwa siyajui. Ila stika niliiona. Na hapa jamani naomba msinihukumu. Ilifika mpaka grupu letu la kikoba, sijui ilipitia kwa nani, na mimi nikaisevu maana ilinichekesha. Mweka hazina akiuliza marejesho ya wiki naituma, subirini sijamaliza, wanakikoba wote wanacheka. Sura haionekani, ni mikono na sweta tu, na masweta ya shule yote yanafanana. Wiki iliyopita nikampa simu yangu aninunulie luku, akakaa nayo kimya, akanirudishia bila neno akaingia ndani. Kuja kuangalia grupu la kikoba liko wazi.

Na kingine. Kuna wiki kama tatu nilikuwa namshukuru Mungu kwa sababu aliacha kunawa. Sabuni inakaa. Nikajua kapona, nikamwambia mpaka mchungaji. Kumbe kaacha kila kitu, haogi, chakula anakichokonoa tu, daftari hafungui, anashinda kageukia ukutani. Juzi mdogo wake ndo kaniambia mama, kaka anasema anatamani alale asiamke.

Shule nilienda. Nikajibiwa simu haziruhusiwi shuleni kwa hiyo kesi ya simu hawawezi kuipokea. Baba yake anasema simu ichomwe moto, shemeji anasema kuna mkono wa mtu. Nimnyang'anye simu au nifanyeje?

Kigogo wa Kitaa

Nyang'anya simu leo leo, kesho tatizo limeisha. Sisi tumeitwa majina yote, mimi niliitwa Kiazi miaka minne na nina watoto watano sahivi. Hawa wa siku hizi tunawadekeza.

Kipepeo_98

Kigogo wewe Kiazi kengele ikilia unaenda zako nyumbani, na wale waliokuita wanabaki huko. Huyu mtoto analala nao kwenye mto. Acha kulinganisha.

Mama K pole sana. Me nina bipolar, ule ugonjwa wa hisia kupanda sana na kushuka sana, niligundulika nikiwa form four na darasa likajua, wakaanza kuniita Betri, leo imejaa leo imeisha. Mama yangu alichukua simu akidhani ananiokoa. Kilichotokea ni kwamba nikawa sijui wanasema nini, basi nikawa natunga mwenyewe kichwani, na nilivyotunga mimi ilikuwa mbaya kuliko walivyoandika wao. Alaf kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa ananitumia noti za Biology kila jioni, na yeye akapotea humo humo. Kabla hujaigusa hiyo simu muulize ndani yake kuna nani anaongea naye vizuri.

Na ile stika usijifanye hujui kama ameiona. Anajua. Anachoangalia sasa hivi ni kama utaisema wewe mwenyewe.

MtumishiB

Dada hiyo ni roho ya kukataliwa, tafuta watumishi wa kweli wamwombee siku saba.

nesi_wa_zamu

Mama K, mambo ya simu yaweke pembeni kwanza, tutayarudia. Mimi nafanya kazi wodi ya afya ya akili.

Mtoto aliyesema anatamani alale asiamke anapelekwa hospitali leo, sio siku ya kliniki. Kabla ya kutoka kaa naye, umuulize wazi wazi, je unawaza kujiua? Tumia neno hilo hilo. Wazazi wengi wanaogopa kwamba wakilitaja watamfundisha, hapana, haliingizwi kichwani kwa kuulizwa, mara nyingi mtoto anapumua kwamba angalau mtu kalisema. Akikujibu ndio usipige kelele wala usianze kulia mbele yake mpaka awe ndo anakubembeleza wewe. Asibaki peke yake, usiku alale na mtu. Dawa zote za nyumbani zikae kwako chini ya kufuli, pamoja na kitu chochote kingine unachokiogopa.

La pili, hesabu vidonge vyake. Akiwa kwenye sonona mtoto anaweza kuacha kimya kimya. Ukikuta vimebaki vingi usimlazimishe ameze vya kufidia wala usimwanzishie mwenyewe, chukua pakiti nenda nayo kwa daktari umwambie tangu lini. Hizi dawa zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, kwa OCD hata zaidi, na vijana wanaangaliwa kwa karibu hasa mwanzoni au dozi ikibadilishwa maana wengine mawazo ya kujiua yanaongezeka kipindi hicho.

Hilo la kuacha kunawa ndo limenistua kuliko stika. Mtu wa OCD anayepona hunawa kidogo kidogo akiwa na hofu yake na anabishana nayo. Anayeacha ghafla pamoja na kula na kuoga hajaishinda hofu, amekata tamaa. Mwambie daktari hivyo hivyo ulivyotuandikia.

Maombi endeleeni nayo, hayagombani na dawa. Ila zile siku saba hazisubiriwi.

MamaK_Mza

Nimehesabu. Vilitakiwa vibaki 6 nimekuta 25, viko ndani ya soksi. Naondoka nae sasa hivi, kibanda namwachia jirani.

nesi_wa_zamu

Nenda. Vyote ubebe wewe.

Tichaa

Mimi ni mwalimu wa sekondari na jibu ulilopewa shuleni limenitia aibu. Kwamba simu haziruhusiwi kwa hiyo hakuna kilichotokea! Bomba ni la shule, sweta ni ya shule, aliyerekodi yuko darasani. Ushahidi kwamba simu iliingia ni hiyo klipu yenyewe.

Ukirudi tena usiende kwa mdomo. Andika barua kwa mkuu wa shule, tarehe, nini kimetokea, unataka nini, nakala bodi ya shule na afisa elimu kata, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua yenye muhuri inasomwa, mama anayelalamika mlangoni anaambiwa tutalifanyia kazi. Ila ndani ya barua usiandike ugonjwa wake. Andika anarekodiwa na kudhalilishwa, inatosha. Nimeshaona barua ya hospitali imesomwa stafu rumu jumatatu na jumatano wanafunzi wanayo.

Na msikubali "suluhu" ya kumsimamisha paredi wamwombe radhi mbele ya shule nzima. Hapo mnawapa klipu ya pili.

WHO wanasema kwa vijana wa miaka 10 hadi 19 mmoja kati ya 7 ana tatizo la afya ya akili. Darasa langu lina watoto 70, pigeni hesabu wenyewe. Huyo aliyetengeneza stika huenda na yeye ana lake.

Kigogo wa Kitaa

Sawa nimeelewa, hilo la vidonge kwenye soksi limeninyamazisha. Ila hao watoto wafungwe tu.

Wakili_Bado

Sheria ipo mkuu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 23, kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia ni kosa, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote. Ila wanaoshtakiwa hapa ni watoto, chini ya miaka 18 Sheria ya Mtoto ya 2009 inawaangalia tofauti, wana mahakama yao. Mimi ningeanzia ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto pale kituo cha polisi. Mara nyingi mzazi wa yule mrekodi akiitwa huko mara moja tu, kazi inakuwa imeisha. Pia kuna namba 116 ya simu kwa mtoto, ni bure, hata kijana mwenyewe anaweza kupiga.

Ushahidi: skrinishoti zionyeshe namba, tarehe na saa, sio stika tupu. Klipu yenyewe isevu. Ukishahifadhi ndo uripoti ndani ya WhatsApp na umtoe kwenye grupu, na kwenye mipangilio ya faragha chagua watu wa kwenye kontakti zake tu ndo waweze kumuingiza magrupu. Hapo namba ambazo hajazisevu hazitaweza kumrudisha zenyewe, maana hiyo sehemu wengi hatuijui. Stika ambayo watu wameshaisevu hutaifuta simu za watu, hilo nisikudanganye.

MamaK_Mza

Mrejesho wakuu, ni siku ya tisa leo.

Alilazwa siku nne. Dawa wameanza naye upya taratibu na tunarudi jumanne. Lile swali nilimuuliza tukiwa kwenye bajaji, sikuweza kusubiri, akasema ndio. Dereva akapunguza sauti ya redio bila kuambiwa.

Stika nilimwambia siku ya pili wodini. Nikamwambia ni mimi, niliituma, nikacheka. Akanyamaza weee, alaf akaniuliza "mara ngapi?" Nikamwambia sijui, labda tano. Akasema saba, alihesabu. Nikaifuta mbele yake. Nilitaka niandike kikoba kuwaeleza akanikataza, mama usiandike kwenye grupu lolote, basi sijaandika. Mweka hazina juzi kaituma tena, nimeuma meno.

Barua imegongwa muhuri. Wazazi wa yule kijana wamekuja nyumbani, baba mtu hakukaa hata kwenye kiti, mama ndo alilia. Simu sijamnyang'anya, usiku inalala chumbani kwangu ikiwa imezimwa, tulikubaliana hivyo. Ndani ya simu kuna binti mmoja wa darasa la jirani wanacheza naye drafti ya mtandaoni, kumbe ndo aliyekuwa anamwambia asivimeze vile vidonge vyote kwa mpigo.

Leo alfajiri nimesikia bomba la bafuni limefunguliwa. Limeenda dakika kumi na moja, nilikuwa nasimama mlangoni nahesabu. Sijui nifurahi au niogope.

nesi_wa_zamu

Mwandikie daktari hizo dakika. Na usisimame mlangoni, kivuli kinaonekana kwa chini.