Shastri alijiuzulu mara moja au mbili? Kilo ya halua iko mashakani

MshonaVito, Lamu
Asalaam aleikum. Kazi yangu ni kushona kofia za vito, na alasiri huketi barazani Langoni na wenzangu. Juzi niko kwenye safu ya mwisho, nazungusha uzi kwenye vitundu, mzee mmoja akaanza habari za ajali za mashua. Akasema Bara Hindi kulikuwa na waziri wa reli, Lal Bahadur Shastri, treni ilipoua watu akaacha kiti. Nikamwambia nijuavyo mimi aliandika barua ya kujiuzulu mara mbili. Tukabishana hadi kahawa ikapoa na sindano ikanichoma kidole. Sasa tumewekeana, mwenye kushindwa alete kilo ya halua. Nani anajua?

MwalimuMstaafu, Malindi
Waaleikum salaam. Mwaka 1956 daraja liliporomoka Mahbubnagar, treni ikaua zaidi ya watu 100. Shastri akaandika barua, Nehru, waziri mkuu wao, akaikataa. Novemba mwaka huohuo ikaja ya Ariyalur, kusini, mafuriko yamekula njia ya reli, wakafa zaidi ya 140. Akaandika tena. Safari hii Nehru akaikubali, na bungeni akasema anaikubali si kwa sababu Shastri ana kosa, bali iwe mfano kwa wengine. Basi kuandika mara mbili, kuondoka mara moja. Mwamue wenyewe.

Hakukaa nje sana. Baada ya uchaguzi wa 1957 alirudi uwaziri, 1961 akapewa mambo ya ndani, na Nehru alipofariki 1964 yeye ndiye akawa waziri mkuu.

BintiShela
Mie kwa huyu bwana kilichonikaa ni harusi yake. Kule upande wa mke ndio hutoa mali, kinyume na kwetu. Alipomuoa Lalita mwaka 1928 hakutaka kitu ila gurudumu la kusokotea uzi na kitambaa cha khadi, kile kinachofumwa kwa mkono. Na akiwa waziri mkuu alinunua Fiat kwa mkopo wa benki, rupia 5,000. Alipokufa, mjane akaulipa kwa pensheni. Waziri mkuu, jamani, gari la mkopo!

Nahodha
Kwanza, kuwekeana halua ni kamari, mtubu. Pili, mwaka 1965 nafaka ilikuwa haba na vita na Pakistan vimewaka, akawaomba wananchi waache mlo mmoja kwa wiki, Jumatatu jioni. Sisi Jumatatu twafunga sunna, kwa hiyo hilo lilinikaa. Vita vilipokwisha akaenda Tashkent, mji wa Usovieti wakati huo, akatia saini mapatano na Ayub Khan, rais wa Pakistan, tarehe 10 Januari 1966, na usiku uleule akafa, ghafla. Uwaziri mkuu wake haukufika miaka miwili.

MshonaVito, Lamu
Shukran nyote. Nimemsomea mzee jibu la mwalimu barazani, kwa sauti, neno kwa neno. Akanyamaza, akavuta kahawa, kisha akasema barua iliyokataliwa haihesabiwi, ni sawa na posa iliyorudishwa. Watu wakacheka, wakamuunga mkono! Nahodha, kwa fatwa yako hiyo halua tumeigeuza sadaka, kila mtu nusu kilo, italiwa Ijumaa baada ya swala. Mwenye kofia yake naye anisamehe, bado sijamaliza safu.